Kisiki Kizee, Shina Changa: Ulaya Inavyoukosea Msitu wa Mialoni

Ifikapo tarehe 1 Septemba 2026 kila nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya inatakiwa iwe imewasilisha rasimu ya mpango wake wa kurejesha mazingira asilia, kama inavyoagiza sheria iliyoanza kutumika tarehe 18 Agosti 2024. Upande wa misitu, mabishano yamechukua sura moja tu: misonobari ya Finland na Sweden, miti ya Fagus (beech kwa Kiingereza) ya milima ya Carpathia, mwenye shoka upande huu, mwenye bango upande ule. Kusini mwa bara hilo, kandokando ya Bahari ya Mediterania, mti unaotawala ni mwaloni usiopukutisha majani, nao una tabia zake. Mabishano ya kaskazini yakihamishiwa huko bila kubadilishwa, yanapotosha. Kundi moja linasema msitu uachwe tu, utazeeka wenyewe. Kundi jingine linajibu kwamba mwaloni ukikatwa haufi, unachipua, basi hakuna kilichopotea. Makundi yote mawili yanachanganya uhai wa mti na uzee wa msitu. Mwaloni unaweza kuwa na mizizi ya karne kadhaa na usiwe na shina hata moja linalomzidi umri mzee wa kijiji. Thamani ya msitu mkongwe imo kwenye shina nene, tundu lake na gogo lake; haimo kwenye kisiki. Mpango utakaohesabu hekta za kijani na ujazo wa miti iliyokufa bila kuuliza unene wa mashina utatangaza ushindi mahali ambapo hakuna kilichorejeshwa.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wameujua mwaloni kupitia Biblia kabla ya kuuona kwa macho. Mialoni ya Hebroni, nchi ya Mamre, ni ya kundi hili la kijani mwaka mzima, ingawa spishi yake ni ya mashariki ya Mediterania. Mti ulioheshimiwa huko kwa vizazi kama mwaloni wa Ibrahimu ulikauka mwishoni mwa karne ya 20, na mwaka 2019 shina lake likaanguka. Spishi ninayoizungumzia hapa ni Quercus ilex, leccio kwa Waitalia, encina kwa Wahispania, pamoja na ndugu yake wa karibu wa Iberia (Hispania na Ureno) na Maghreb, rotundifolia. Majani yake ni madogo, magumu kama ngozi, na kila jani huishi mwaka mmoja hadi mitatu. Huanguka kwa zamu, mengi yakitoka wakati mapya yanapochipua, ndiyo maana mti hauonekani uchi hata siku moja. Mizizi hushuka mita kadhaa ndani ya nyufa za mawe ya chokaa kufuata maji ya kiangazi. Ukame ukizidi, mti hufunga vitundu vya kupumulia vya majani mapema na kungoja. Na shina likiungua au likikatwa, macho yaliyolala kwenye uvimbe uliopo usawa wa ardhi huamka, na kisiki kimoja hutoa machipukizi kumi, ishirini au zaidi. Nguvu hiyo ndiyo imeuokoa mti huu kwa maelfu ya miaka, na ndiyo iliyozaa kutoelewana kwa leo.

Nguvu hiyo iliuzwa kwa gunia. Mbao za mwaloni huu ni nzito na mkaa wake hukaa na moto muda mrefu. Anayeujua mkaa wa miombo hahitaji kuelezwa zaidi. Kuanzia Catalonia ya Hispania hadi Provence ya Ufaransa, na Toscana na Sardinia za Italia, milima iligawanywa vipande, kila kipande kikakatwa chote baada ya miaka 20 hadi 30, visiki vikaachwa vichipue, na mkaa ukachomwa papo hapo kwenye matanuri ya udongo. Hadi leo ukipanda miteremko hiyo unakuta sehemu za mviringo zilizosawazishwa, udongo wake mweusi kuliko unaozizunguka: hapo ndipo tanuri lilipokaa. Sardinia ya karne ya 19 ilitoa mkaa, magome ya kulainishia ngozi na mataruma ya reli kwa kiasi kilichoacha sehemu kubwa ya kisiwa uchi. Kisha katika miaka ya 1950 na 1960 gesi ya mitungi na mafuta vikaingia jikoni, mkaa ukakosa mnunuzi, na shoka likasimama karibu kila mahali kwa wakati mmoja. Msitu wa serikali wa Puéchabon, kaskazini-magharibi mwa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, ulikatwa wote mara ya mwisho mwaka 1942. Watafiti wameupima kwa miongo kadhaa, na wanachokiona ni msongamano: maelfu ya mashina kwa hekta moja, mengi membamba kuliko paja la mtu, baada ya miaka zaidi ya 80 bila shoka. Ramani inasema huo ni msitu wa mialoni, na ni kweli. Visiki vyake ni vizee. Vinavyokosekana ni vitu vyote ambavyo mdudu, popo na kuvu wanavihitaji kutoka kwenye mti mzee.

Linganisha na Sas Baddes, kwenye uwanda wa mawe ya chokaa wa Supramonte, eneo la Orgosolo katikati ya Sardinia. Ugumu wa kufika na kutoa mzigo uliunusuru msitu huo wakati majirani zake wanageuzwa mkaa. Humo mashina manene yaliyopinda yamesimama kando ya mengine yaliyokufa yakiwa wima, mengine yamelala yakiota kuvumwani, na pale jitu lilipoanguka kuna uwazi wa mwanga ambamo miche inagombea. Umri wa miti umechanganyika, unene umechanganyika, na mbao zipo katika kila hatua ya kuoza, tangu tawi lililovunjika msimu uliopita hadi unga mwekundu unaomeguka vidoleni. Si msitu ambao binadamu hajawahi kuugusa. Wachungaji wamepita humo tangu zamani. Lakini mfululizo wa mashina makubwa haukukatika, na hiyo ndiyo tofauti yake na Puéchabon.

Mfululizo huo una bei ya muda, nayo inahesabika. Kwenye ardhi kavu ya Mediterania, pete ya mwaka ya mwaloni huu mara nyingi ni milimita moja au mbili tu. Chukua milimita moja na nusu: unene unaongezeka milimita tatu kwa mwaka, na shina la sentimita 50 linadai zaidi ya miaka 160. Baada ya hapo tundu lenyewe bado halijaanza. Tawi nene lazima livunjike, kuvu kama Fistulina hepatica au Laetiporus sulphureus waingie kwenye moyo wa mti, moyo uoze polepole huku ganda la nje likiendelea kuishi na kupitisha maji. Ndani hujaa unga wa mbao wenye unyevu na joto lisilobadilika sana, makazi ya mabuu ya mbawakawa na nzi ambao hawaishi popote pengine. Popo wa spishi ya Barbastella barbastellus hujibanza chini ya magome yaliyoachana na shina. Mbawakawa mkubwa Cerambyx cerdo, anayelindwa na Mwongozo wa Makazi wa Ulaya wa mwaka 1992, hutoboa shina nene lililo hai na kudhoofika, na buu wake hukaa ndani miaka mitatu hadi mitano kabla ya kutoka. Huyu, na ifahamike, hupenda shina lenye jua, kwa hiyo mti mkubwa wa pekee malishoni unamfaa kuliko kivuli kizito. Kuvumwani mpana Lobaria pulmonaria anataka gome lililotulia kwa miongo mingi na hewa safi. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuishi kwenye chipukizi la sentimita saba, hata kama linalishwa na mzizi uliokuwepo kabla ya Garibaldi, shujaa wa kuunganishwa kwa Italia katika karne ya 19.

Kinachowapa watu mwanya wa kuudharau msitu huu ni kwamba spishi yenyewe haiko hatarini hata kidogo. Nchini Hispania hakuna mti ulioenea kuliko huu. Kwenye milima ya Montseny, karibu na Barcelona, watafiti wameonyesha mwaloni ukipanda mlima na kuchukua nafasi ya Fagus kadiri joto linavyoongezeka. Mti unashinda. Wanaoshindwa ni wapangaji wake, yaani viumbe wanaoishi kwenye mashina yake mazee.

Na hapo inakuja hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ambayo bado inasikika kwenye kila kikao cha wenye viwanda vya kuni: mwaloni huu umekatwa kwa karne nyingi na haujaisha, kwa hiyo kurudia kuukata ni kuendeleza mila isiyo na madhara. Hoja hii inapima kitu kimoja tu, yaani kama kisiki kitatoa majani tena. Kitatoa. Ndani ya miaka kumi mteremko utakuwa kijani na picha ya setilaiti haitaonyesha kovu. Lakini msitu uliopumzika tangu miaka ya 1940 au 1950 umeanza kusogea, pole pole mno, kuelekea kwenye unene unaohitajika, na kuukata leo ni kuirudisha saa hiyo kwenye sifuri. Tena udongo hauchipui. Marganai, kusini-magharibi mwa Sardinia, ndani ya eneo lililomo kwenye mtandao wa hifadhi za Natura 2000, ukataji wa namna ya zamani ulifufuliwa katika miaka ya 2010 baada ya miongo ya mapumziko, na mzozo uliofuata ulihusu hasa udongo: miteremko mikali ikiachwa wazi wakati mvua kubwa za vuli zinapiga, mchanga na mboji hushuka bondeni kabla majani hayajarudi kuuzuia. Wachoma mkaa wa zamani nao walipoteza udongo kwa njia hiyo hiyo, ila hawakuwa na wa kuwapimia. Mila kudumu haithibitishi kwamba haikuwa na gharama; mara nyingi inathibitisha tu kwamba gharama ililipwa na aliyekuja baadaye.

Hoja ya moto ni nzito zaidi, na haifai kuipuuza kusini mwa Ulaya ambako watu hufa kila kiangazi kibaya. Inasema: magogo yakiachwa ni kuni, na kuni ni moto. Nusu yake ni kweli. Moto wa msitu husambaa kwa vitu vyembamba: majani makavu, nyasi, vijiti vyembamba kuliko penseli, ambavyo hupoteza unyevu ndani ya saa moja au mbili za upepo wa joto. Gogo la sentimita 40 linahitaji wiki nyingi za ukame kufikia hali hiyo, na likiwaka hufukuta mahali lilipo badala ya kukimbiza moto. Msitu mkongwe uliofunga una kivuli kizito, upepo mdogo chini yake, vichaka vichache, na matawi yake ya chini yako juu ya ardhi. Msitu wa machipukizi uliotelekezwa una kinyume chake: mashina membamba yaliyobanana, mengi yakiwa yamekufa kwa kukosa mwanga na bado yamesimama, na matawi yanayoanzia gotini hadi kileleni. Hiyo ni ngazi ya moto iliyojengwa na historia ya mkaa. Ukweli wa upande wa pili ni kwamba gogo linalofukuta huwasumbua wazimamoto kwa siku nyingi na huweza kuwasha upya kilichozimwa. Kwa hiyo jibu la busara ni la mahali: karibu na nyumba, barabara na njia za umeme, magogo yaondolewe, ndani ya msitu, yabaki. Kutoza kila hekta adhabu ya moto kwa sababu ya hekta zilizo kando ya barabara ni uvivu wa kupanga.

Ukame ndio hoja bora ya wakataji, na wahifadhi wanaoikwepa wanajidhuru. Kwenye milima ya Prades, Catalonia, tangu mwaka 1999 watafiti wametandaza mikanda ya plastiki juu ya udongo wa msitu wa mialoni na kuchimba mitaro ili kupunguza maji yanayoingia. Unyevu wa udongo ulishuka kwa takriban asilimia 15. Quercus ilex ilipunguza kasi ya kunenepa na vifo vyake vikaongezeka, huku mti mdogo wa Phillyrea latifolia ulio pembeni yake ukiwa kama hausikii. Puéchabon nako, tangu 2003, mifereji ya plastiki huzuia zaidi ya robo ya mvua isifike chini. Somo la majaribio haya ni kwamba mwaloni haukauki kwa mkupuo. Unanyong'onyea, na kwenye msongamano wa mashina elfu kadhaa yanayokunywa kisima kimoja, unanyong'onyea haraka zaidi. Kuuambia msitu wa namna hiyo ujiendee hadi mwaka 2150 ni kuuhukumu upite kwenye ukame mwingi kabla haujapata shina moja la maana. Jambo ambalo wakataji hawalisemi ni kwamba ukame unadai kupunguza mashina, kazi ambayo ni tofauti kabisa na kufyeka kila kitu ili visiki vianze upya.

Kupunguza kuna kanuni zake, na makosa yake yanajulikana. Kwenye kila kisiki huachwa shina moja hadi matatu, yale yenye kichwa kipana na afya, si lazima yaliyonyooka, kwa sababu hapa hatutafuti mbao za ubao. Shina lililotokana na mbegu, lisilo na ndugu kwenye kisiki, haliguswi. Haiguswi pia miti ya jamii nyingine, kama Arbutus, Phillyrea, Sorbus na mipea-mwitu, iliyochanganyika humo, kwani ndiyo bima ya msitu ukame ukiuzidi mwaloni. Shina lolote linalozidi sentimita 30, liwe hai au limekufa, hubaki. Kazi hufanywa majira ya baridi. Kwa mara moja isiondolewe zaidi ya theluthi ya eneo la mashina lililopimwa kwenye kimo cha kifua, kisha msitu uachwe miaka kumi hadi kumi na tano kabla ya kurudi. Kosa kubwa ni pupa: mkandarasi anayelipwa kwa kuni hufungua nusu ya kivuli au zaidi, mwanga unamwagika chini, kila kisiki kinatoa kichaka kipya, na baada ya miaka mitano una kiu ile ile pamoja na ngazi mpya ya moto. Kosa la pili ni usafi. Matawi yaliyokatwa yakisombwa yote, rutuba inaondoka nayo. Yakirundikwa, yanangoja cheche. Yakatwe mafupi, yalazwe chini kukingama mteremko, mbali na njia.

Upande wa wanaosema tusiguse una kesi yake isiyopingika: Sas Baddes na mabaki mengine machache ya namna hiyo hayahitaji msumeno wala mpango wa usimamizi wa kurasa mia mbili. Yanahitaji kutojengewa barabara. Shida ni kulichukua jibu la hekta chache na kulivika mamilioni. Na hakuna mahali jibu hilo linapovunjika vibaya kuliko kwenye dehesa, malisho yenye mialoni iliyotawanyika, yanayofunika zaidi ya hekta milioni tatu nchini Hispania na kuendelea Ureno kwa jina la montado. Huku hali imegeuka. Msitu wa machipukizi una mizizi mizee na mashina machanga. Dehesa ina mashina mazee, manene, yenye matundu yaliyozaliwa na kupogolewa kwa vizazi, lakini haina watoto. Kokwa, yaani mbegu za mwaloni, huliwa na nguruwe, kondoo, ng'ombe na nguruwe mwitu. Mche unaobahatika kuchomoza hung'atwa kabla haujafika kimo cha mdomo. Ukisimama kwenye dehesa ya Extremadura unaweza kuona mialoni yenye umri wa miaka mia mbili hadi upeo wa macho na usione hata mmoja wenye ishirini.

Miti hiyo mizee haijaachwa kwa huruma. Nyama ya nguruwe wa Iberia aliyenenepeshwa kwa kokwa inalindwa na amri ya serikali ya Hispania ya mwaka 2014, inayodai mnyama akae malishoni angalau siku 60 na kuongeza uzito usiopungua kilo 46 kwa kokwa na nyasi, huku idadi ya nguruwe ikiwekwa kati ya 0.25 na 1.25 kwa hekta kulingana na wingi wa miti. Kwa maneno mengine, kivuli cha mwaloni kimefungwa moja kwa moja na kibali cha kufuga. Ni nadra sheria ya chakula kuuthamini mti mzee kiasi hicho. Ila amri hiyo inahesabu mti uliopo leo, haiulizi mrithi wake.

Juu ya uzee huo usio na warithi umekuja ugonjwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kusini-magharibi mwa Iberia, Phytophthora cinnamomi, kimelea anayefanana na kuvu na kuogelea kwenye maji ya udongo, amehusishwa na kifo kinachoitwa la seca. Huozesha mizizi myembamba wakati wa mvua na joto. Kiangazi kikifika, mti hauna cha kunywea. Wenye shamba huona mwaloni umekauka Agosti na kulaumu jua, wakati mauaji yalifanyika Aprili. Dawa ya kumaliza kimelea ardhini haipo, kilichopo ni nidhamu: matope ya viatu, matairi na majembe yasihame kutoka shamba lenye ugonjwa kwenda lisilo nao, kazi nzito zifanywe udongo ukiwa mkavu, trekta lisikate mizizi chini ya miti, maji yasituame. Lupini ya njano, inayopandwa kama malisho, humlea kimelea huyo na kuongeza mbegu zake ardhini, lakini bado unaikuta imepandwa chini ya miti ile ile inayohitaji kulindwa. Hata upandaji miti, suluhisho linalopendwa na kamera, unaweza kuleta ugonjwa kwa miche ya vitalu iliyokwisha ambukizwa.

Kwa dehesa, basi, kuacha tu hakutoshi. Kipande kifungwe kwa uzio kwa miaka kumi na mitano hadi ishirini, mpaka ncha ya mche ipite kimo cha ng'ombe, kisha uzio uhamie kipande kingine. Kwa mzunguko huo shamba halipotezi malisho yote kwa mpigo. Palipo na mti mama karibu, ndege wa jamii ya kunguru Garrulus glandarius na panya wa porini watafanya kazi ya kupanda bure, kwa kuzika kokwa na kuzisahau. Pasipo na mti mama, kupanda kokwa moja kwa moja kunashinda mche wa mfuko mara nyingi, mradi utaratibu ufuatwe. Kokwa za mwaloni huu hazina usingizi: zikianguka vuli huanza kuota, na zikikauka zimekufa. Ziokotwe ndani ya siku chache, zitiwe majini, zinazoelea zitupwe, zilizobaki zipandwe msimu huo huo kwenye kina cha sentimita tatu hadi tano, mbili au tatu kwa shimo, na wavu juu dhidi ya panya na nguruwe mwitu. Mzizi hushuka chini kwanza, kabla jani halijaonekana. Mche wa kopo fupi umeshaukunja mzizi huo kitaluni, na kiangazi cha kwanza huudai deni.

Kuna pia upande wa watu, ambao Brussels huufikia mwishoni. Orgosolo ile ile yenye Sas Baddes ndiyo iliyojaza uwanda wa Pratobello mwaka 1969 kupinga malisho yake kugeuzwa uwanja wa mazoezi ya jeshi. Mwaka 1998 serikali ya Italia ilipotangaza kwa amri hifadhi ya taifa ya Gennargentu na Ghuba ya Orosei, vijiji vilikataa, na hifadhi ikabaki ya karatasini. Wengine husoma hapo chuki ya wafugaji kwa mazingira. Mimi nasoma jambo jingine: watu walioishi na msitu huo bila kuumaliza waliambiwa kuwa ulinzi unaanza siku wao watakapotolewa. Mbuzi wengi mno huzuia miche, hilo halina ubishi, na vipande vya kuzungushia uzio vinahitajika huko pia. Lakini uzio wa hekta tano uliokubaliwa na ushirika wa wachungaji hudumu, na mstari mwekundu kwenye ramani ya Roma haudumu.

Sasa turudi kwenye rasimu za 2026, kwa sababu balaa liko kwenye vipimo. Tume ya Ulaya ilitoa mwongozo wa kutambua misitu asilia na mikongwe Machi 2023. Misitu hiyo inakadiriwa kuwa takriban asilimia 3 tu ya misitu ya Umoja, na sehemu kubwa iko Sweden, Finland, Bulgaria na Romania. Kaskazini kuna kipimo kinachoeleweka cha magogo: kwenye hifadhi za Fagus za Ulaya wastani ni kama mita za ujazo 130 za miti iliyokufa kwa hekta. Ukiipeleka namba hiyo kwenye mwaloni wa mawe ya chokaa, ambako msitu hukua mita chache tu za ujazo kwa mwaka, hakuna utakaofaulu na yote itaonekana haina thamani. Kutumia umri nako kunashindwa: pete za Quercus ilex hazisomeki vizuri, mbao zake huvunja vifaa vya kutobolea, na mti mnono kuliko yote una tundu pale ambapo pete za kwanza zilikuwa. Upimaji unaofaa huku ni wa mikono: idadi ya mashina yanayozidi sentimita 40 na 60 kwa hekta, idadi ya matundu, magogo yanayozidi sentimita 30 na hatua zake za kuoza, na dalili kwamba ardhi haijawahi kufyekwa yote. Kazi ya watu wawili, utepe na siku moja kwa viwanja vichache.

Bila kipimo cha unene, hesabu inadanganya kwa namna ya ajabu. Sheria inataka mwenendo wa kupanda katika viashiria sita kati ya saba vya misitu: miti iliyokufa ikiwa imesimama, iliyokufa ikiwa imelala, misitu yenye umri mchanganyiko, muunganiko wa misitu, akiba ya kaboni, misitu inayotawaliwa na spishi za asili, na wingi wa spishi za miti. Msitu wa machipukizi uliotelekezwa unapasi karibu vyote bila mtu kunyanyua mkono. Ni wa spishi ya asili, unaungana kadiri mashamba yanavyoachwa, unaongeza kaboni kila mwaka. Na kwa kuwa mashina yake membamba yanakufa kwa maelfu kwa kunyimana mwanga, ujazo wa miti iliyokufa ikiwa imesimama utapanda vizuri kwenye jedwali, wakati Cerambyx hawezi kutaga hata yai moja kwenye fito hizo. Wizara itaandika ripoti safi, nayo haitakuwa imesema uongo.

Kiashiria kimoja kati ya hivyo saba nchi inaruhusiwa kukiacha. Rasimu za Hispania, Italia, Ufaransa, Ureno na Ugiriki zikitoka, nitaanza na ukurasa unaotaja kilichoachwa, kisha nitatafuta kwenye viambatisho sentensi moja tu: miti iliyokufa imepimwa kuanzia sentimita ngapi.